Kumhudumia mgonjwa kiroho wodini: maswali tunayoulizwa kila mara Lamu

Maswali haya yametoka kwa jamaa za wagonjwa, kwa wauguzi wageni waliohamishiwa huku, na kwa vijana wa misikitini na makanisani wanaotaka kuingia wodini kusaidia. Nimekuwa nikiwazuru wagonjwa kwa kujitolea kwa miaka kadhaa, hapa Amu (ndiyo Lamu) na mara mojamoja Malindi. Mimi si daktari wala si shehe. Panapohitaji hukumu ya dini nitakutuma kwa mwenye elimu, na panapohitaji dawa nitakutuma kwa mwenye dawa.

Huduma ya kiroho ndiyo nini hasa? Si kuitiwa shehe au padri tu?

Shehe na padri wamo, lakini mara nyingi wao huja baadaye. Mtu akilazwa haumwi mwili peke yake. Usiku taa zikizimwa anajiuliza: mbona mimi? Wanangu wataangaliwa na nani? Nimemkosea nani? Mola yuko radhi nami? Hayo hayaonekani kwenye eksirei. Kumsaidia ayaseme, na kumpatia anachohitaji ili ayabebe, ndiyo kazi yenyewe.

Mwingereza Cicely Saunders alikuwa muuguzi, kisha ofisa wa ustawi wa wagonjwa, kisha akasomea udaktari. Alipofungua St Christopher's, nyumba ya kuwahudumia wanaokaribia kufa, kule London mwaka 1967 alishikilia jambo moja: maumivu ya mgonjwa anayekaribia kufa yana sehemu ya mwili, ya nafsi, ya jamii na ya roho, na ukitibu moja ukaziacha nyingine, hata mofini, dawa kali ya maumivu, huonekana haifanyi kazi. Fikra hizo zilifika Kenya na Nairobi Hospice mwaka 1990. Mwaka 2002 Shirika la Afya Duniani likaitaja roho waziwazi katika maelezo yake ya tiba shufaa, yaani tiba ya kumpunguzia mateso mgonjwa mahututi.

Kwetu pwani hili halikuwa jambo geni. Kumjulia hali mgonjwa ni katika haki za Mwislamu kwa mwenziwe, na Wakristo nao wameamrishwa hivyohivyo. Tunachopungukiwa ni adabu moja tu: kuuliza kabla ya kusoma.

Kuuliza nini, ikiwa namjua ni Mwislamu kama mimi?

Nikupe kosa langu mwenyewe. Miaka ya mwanzo niliingia wodi moja, nikamkuta mama kijana aliyezaa kwa kupasuliwa. Nikatoa msahafu, nikaanza Yasini kwa mazoea, maana kwetu Yasini ndiyo inayokuja ulimini kwanza. Sikufika mbali. Yule binti alishika mkono wa mamake akalia: "Mama, kwani nakufa?" Ndiyo, Yasini husomwa kwa mengi, lakini kitandani, mbele ya mtu aliyechoka, maana yake huwa moja: kifo. Sikuwa nimemuuliza kitu. Angetaka kusomewa Suratu Maryam, au asisomewe kitu, apewe mtu wa kumshikia mtoto akalala.

Tena Amu hii tuna mitazamo mbalimbali. Kuna mwenye kuona hakuna dawa kama kusomewa Maulidi na watu wa msikiti wa Riyadha, na kuna jirani yake anayeyaona Maulidi ni bidaa, yaani uzushi katika dini. Kuna Ithnaashari, ambao ni Mashia. Ukimletea mgonjwa kikundi kisicho chake, utamwacha na homa mbili.

Basi nipe maswali yenyewe.

Daktari Mmarekani, Christina Puchalski, alitunga mwaka 1996 mpango mfupi wa mambo manne ambao wauguzi wengi duniani hufundishwa: imani ya mgonjwa, uzito wa imani hiyo kwake, watu walio pamoja naye katika imani, na jinsi angependa wahudumu wayachukue hayo. Ni mpango mzuri, ila ukiuliza kama karani wa sensa utajibiwa kama karani wa sensa.

Mimi huanza na hodi, kisha salamu yake kamili. Mzee anapewa shikamoo, mwenye kuitwa Maalim anaitwa Maalim. Halafu nauliza, "Nini kinakupa nguvu siku hizi?" Akisema ni sala, nauliza kama anapata nafasi ya kusali hapa. Akisema ni wajukuu, tunazungumza wajukuu. Kisha, "Kuna mtu ungependa aje, au asije?" Hilo la pili watu hulisahau, nalo ndilo lililonifungulia mambo mengi. La mwisho, "Kuna jambo linakukaa rohoni?" Baada ya hapo nyamaza. Kunyamaza ndiyo sehemu ngumu. Ukihesabu hadi kumi moyoni, mgonjwa naye huenda akaanza.

Palikuwa na mzee mmoja, nahodha wa zamani (nimebadilisha mambo ya hapa na pale ili asijulikane). Kila alasiri wanawe walimsomea, na kila usiku alikesha. Wauguzi walidhani ni maumivu, wakamwongeza dawa. Nilipomuuliza la mwisho alisema, "Nna deni la mbao na mtu wa Siyu. Twalikosana, hatusemezani tangu zamani." Hakuhitaji kusomewa zaidi, alihitaji kutakana radhi. Tukampata yule bwana kwa simu. Hakuja. Alituma ujumbe wa sauti: "Mimi nishamsamehe kwa Mngu. Lakini deni liko, watoto walipe." Mzee akacheka mpaka akakohoa, akasema, "Ni yeye huyo, si mwingine." Akawaita wanawe akawatajia hesabu. Usiku ule alilala.

Mgonjwa anasema ugonjwa huu ni adhabu ya Mungu. Nimjibu vipi?

Usikimbilie kukanusha, wala usikimbilie kukubali. Muulize, "Mbona waona hivyo?" Nyuma ya neno adhabu mara nyingi kuna kitu mahsusi: mimba iliyotolewa, virusi vya ukimwi, radhi za mama ambaye ameshakufa. Akikitaja, ndipo mazungumzo yanapoanza.

Jihadhari na maneno mazuri yanayowahi mno. Kumwambia mtu kwamba maradhi yanafuta madhambi ni faraja kubwa kwa anayeyataka hayo. Kwa aliyekwisha kujihukumu, husikia: kumbe una madhambi. Kisa cha Nabii Ayubu kimo katika Qurani na katika Biblia, na watu wa pande zote mbili hukipenda, kwa kuwa aliugua na hakuwa mwovu. Lakini hata hicho kisubiri zamu yake.

Mgonjwa atasali vipi na dripu mkononi?

Hili ndilo swali la kila siku, na lina majibu ya vitendo.

Kibla kwanza. Amu na Malindi ziko kusini mwa Makka karibu moja kwa moja, kwa hiyo kibla chetu ni kaskazini, kikiegemea magharibi kidogo sana. Mwambie mgonjwa mara tu anapolazwa, bila kungoja aulize. Asiyeweza kusimama husali kwa kukaa, asiyeweza kukaa husali kwa kulala, na asiyeweza hata hivyo huashiria.

Maji yakiwa yanamdhuru au bandeji haifai kulowa, kuna kutayamamu, yaani kujitwaharisha kwa udongo badala ya maji. Wengi wetu ni Mashafii, wafuasi wa madhehebu ya Imamu Shafii, na kwa Mashafii inatakiwa udongo safi wenye vumbi, kwa hiyo kupapasa ukuta uliopakwa rangi ya mafuta hakumtulizi mtu. Weka udongo kwenye kopo lenye kifuniko, la mgonjwa huyo peke yake, na umuulize muuguzi kwanza ikiwa ana kidonda kibichi. Mwenye mpira wa mkojo huhesabiwa katika wenye udhuru wa kudumu. Maalim wake atamweleza namna ya kutawadha kwa kila sala ya faradhi.

Na hili ni la wauguzi wageni: kwa Mashafii, ngozi ya mwanamume na ya mwanamke asiye maharimu zikigusana, udhu umetenguka. Basi ukimpima presha mzee aliyetoka kutawadha kwa tabu dakika tano zilizopita, usishangae akikuvutia uso. Mpime kabla, au vaa glavu. Ni kitu kidogo, na utapendwa wodi nzima.

Ramadhani imefika, naye ana kisukari. Anataka kufunga.

Qurani yenyewe, katika Suratul Baqara, imempa mgonjwa ruhusa ya kula na kulipa siku nyingine. Asiyetarajia kupona hutoa fidia, kwa Mashafii kibaba cha chakula cha mji kwa kila siku. Tatizo haliko kwenye sheria. Mzee aliyefunga tangu utotoni akiacha hujiona ametolewa katika umma. Msomee ruhusa mara mia, bado ataficha tende chini ya mto na kumwaga uji.

Lililofaa zaidi nililoliona ni kumpa nafasi yake katika Ramadhani: avikwe vizuri Magharibi, afuturu pamoja na wenzake hata kama alikula mchana, asikilize tarawehe. Anayeweza kufunga kwa usalama aonane na daktari wiki 6 hadi 8 kabla ya mwezi kuandama, si usiku wa shaka. Akifunga, afungue mara moja sukari ikishuka chini ya 70 au ikipanda juu ya 300 kwenye mashine ya miligramu. Kujidunga kidole kupima sukari hakufunguzi saumu, wanazuoni wengi wamesema hivyo, lakini watu huogopa. Mwombe imamu wake amwambie mwenyewe.

Jamaa wanataka kufukiza ubani wodini.

Hapana. Hapa sina busara ya kuzungukazunguka. Panapotumika oksijeni, kaa la chetezo linaweza kuwasha shuka kwa kufumba na kufumbua, na moto wa oksijeni hauzimiki kirahisi. Na moshi wa udi unamsonga mwenye pumu aliye kitanda cha tatu, ambaye hakuuliza kitu. Fukizeni leso na mito nyumbani, mlete vimeshanukia. Marashi kidogo, au kikuba cha asumini kando ya mto kwa mgonjwa asiyedhurika na harufu, hufanya kazi ileile.

Na kombe? Na hirizi?

Kombe, kwa mgeni asiyelijua, ni aya zilizoandikwa kwa zafarani kwenye sahani, zikaoshwa kwa maji au marashi, mgonjwa akanywa. Muuguzi akiliona asilimwage. Aulize tu lina nini na mgonjwa anakwenda wapi leo. Akiwa anangoja upasuaji, tumbo linatakiwa liwe tupu: kwa kawaida chakula husimama muda wa saa 6 kabla ya nusukaputi na maji matupu muda wa saa 2, isipokuwa daktari amesema vingine. Kombe ni kinywaji, basi linywewe jana yake au lingoje. Jambo la kuogopa ni mgonjwa kunyweshwa kombe kwa siri, kwa kuwa jamaa wanajua muuguzi atawagombeza. Wauguzi, sikieni hapo: ukali wenu ndio unaozaa siri.

Hirizi nayo haina haja ya kukatwa kwa mkasi mbele ya watu. Yenye kifuko cha chuma inaweza kuziba picha ya eksirei, na si salama karibu na kisu cha umeme cha chumba cha upasuaji. Mweleze hivyo. Aivue mwenyewe au mamake aivue, na aambiwe nani anaishika mpaka atoke.

Wanasema ni jini, wanataka kumtoa wampeleke kwa mganga.

Ukimcheka umempoteza. Ukimwambia "ni kweli, ni jini" umempoteza vilevile. Pwani hii degedege la mtoto limehusishwa na ndege wa usiku na mapepo tangu zamani, na watoto wengi walicheleweshwa kwa sababu hiyo, huku homa ya malaria imepanda kichwani. Mimi huwaambia wazazi: kisomo hakigombani na sindano. Mwiteni msomaji hapa hapa, asome kando ya kitanda, kwa sauti ya chini, dripu ikiendelea. Nimeona walimu kadhaa wa madrasa wakiwa mstari wa mbele kusema, "Mpelekeni hospitali kwanza." Neno lao lina uzito ambao langu halina. Wajue kwa majina kabla hujawahitaji.

Mkristo aliyelazwa Amu, mbali na kanisa lake?

Wengi hutoka Mpeketoni au Witu, wengine ni wafanyakazi kutoka bara, na hukaa kimya wakidhani mji huu si wao. Muulize kanisa gani hasa, maana "Mkristo" haitoshi. Mkatoliki atataka padri kwa kitubio na Mpako wa Wagonjwa. Wengi bado huuita mpako wa mwisho, na familia huogopa kumwita padri kana kwamba ndiye anayeleta kifo, hali tangu mageuzi ya mwaka 1972 mpako huo ni wa yeyote aliye mgonjwa sana, si wa anayekata roho tu. Mwite mapema. Kutoka bara padri naye anangoja boti ya Mokowe kama sisi. Msabato usimpangie mambo Jumamosi. Shahidi wa Yehova atakataa damu. Hilo ni la daktari na mgonjwa mwenyewe kulimaliza kwa maandishi, si la wewe kumshawishi.

Wapentekoste, ndugu zangu, sala yenu ina moto, na wodi ina vitanda ishirini. Mungu husikia na sauti ya chini.

Mgiriama mzee anazungumza na koma wake. Nifanye nini?

Malindi hili utalikuta sana. Koma ni mizimu ya waliotangulia, na mzee anayeota babake akimwomba kitu anazungumzia jambo zito la ukoo, hajapungukiwa na akili. Sikiliza, uliza anataka nani wa ukoo aje. Huenda ni kaka mkubwa wa kutimiza jambo nyumbani. Akikuambia jambo hilo ni la kuku na pombe ya mnazi, hilo ni la nyumbani, halihitaji ruhusa yako.

Na asiyetaka kabisa?

Mwamkie, muulize kama anahitaji maji au gazeti, uende zako. Katiba ya Kenya, kifungu cha 32, inampa kila mtu uhuru wa kuamini na inakataza kulazimishwa. Mtu aliyelala chali na mpira puani hawezi kukukimbia. Ndiyo maana kumhubiria bila idhini ni dhuluma. Kusilimisha na kuokoa watu wodini siyo kazi hii.

Familia inasema: msimwambie kwamba haponi.

Wanasema kwa mapenzi. Lakini Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inampa mgonjwa haki ya kujua hali yake, na anayetoa habari ni daktari, si wewe wala mimi. Unachoweza wewe ni kuzungumza na familia kwa hoja wanayoielewa. Mimi huwauliza: Baba ana madeni? Ana amana za watu? Ameandika wasia? Kuna mke au ndugu waliokosana? Mtu asiyeambiwa anakufa na hayo yote, na nyinyi ndio mtakaobaki kugombana juu ya shamba. Mara nyingi hunyamaza, kisha mmoja anasema, "Tumuite daktari." Na mara nyingi pia mgonjwa anajua tayari, anawaficha wao.

Saa za mwisho tufanye nini?

Mwislamu akiweza alazwe ubavu wa kulia, uso kibla. Kwa hapa kwetu maana yake kichwa mashariki na uso kaskazini. Isipowezekana, alale chali, miguu kaskazini, kichwa kiinuliwe kidogo aelekee kibla. Kama kitanda hakigeuki kwa sababu ya mashine, kiacheni. Talakini ni upole: mtu mmoja, anayependwa naye, amtajie shahada sikioni. Akishaitamka, nyamazeni, msimrudishie mpaka azungumze jambo jingine. Watu kumi wakipiga kelele "sema! sema!" si talakini hiyo. Lowesheni midomo yake kwa pamba.

Akifa, afungwe macho na kidevu, afunikwe. Wauguzi, jamaa watataka kuondoka naye upesi, wakamwoshe na kumzika, na kama anatoka Faza au Kizingitini, kisiwani Pate, kuna kujaa na kupwa kwa maji ya bahari ya kuangalia. Karatasi zikianza kuandaliwa mara moja, ni huduma ya kiroho tosha. Kikiwa kifo cha ajali au cha kutiliwa shaka, polisi wana haki yao kisheria. Waambieni jamaa ukweli wa muda utakaochukua, msiwape "sasa hivi" ya uongo.

Amepewa rufaa ya Mombasa. Kazi yetu imekwisha?

Ndipo inapoanza upya. Mokowe, Garsen, Malindi, mpaka Mombasa, mgonjwa anayumbayumba na akili inakwenda mbio. Kabla hajapandishwa boti muulize anataka kubeba nini: tasbihi, rozari, leso ya mamake. Andika kwenye karatasi jina analopenda kuitwa na mtu wa kupigiwa. Kuna mama aliyeniambia kule hakuna aliyemwita Bi kwa wiki mbili, alikuwa "kitanda namba saba".

Aliyoniambia naweza kumwambia nani?

Hakuna mtu. Amu ni mji wa vichochoro, neno likitoka Mkomani asubuhi, adhuhuri liko Langoni na limeshaota ndevu. Hata kumwombea kwa jina lake na ugonjwa wake kwenye kundi la WhatsApp ni kumtoa siri. Sheria ya kulinda data ya mwaka 2019 nayo inazihesabu habari za afya kuwa nyeti. Isipokuwa akisema anataka kujiua, au kuna mtoto anayeumizwa. Hapo mwambie kwanza kwamba huwezi kulibeba peke yako, kisha mwone muuguzi wa zamu, siku hiyohiyo.

Mimi mwanamume, naweza kuingia wodi ya wanawake?

Bora aende mwanamke. Ikibidi, piga hodi nje ya pazia, ungoje, apate kujitanda leso yake, na mtu wake awepo.

Nataka kuanza. Nianzie wapi?

Mwone muuguzi msimamizi wa wodi, ujitambulishe, useme unatoka wapi. Usiingie kwa mlango wa nyuma kwa kuwa binamu yako ni mlinzi. Omba ufuatane na mwenye uzoefu wiki chache. Osha mikono unapoingia na unapotoka kila kitanda. Dakika kumi zinatosha kwa mgonjwa mmoja, ila akikushika mkono. Siku ukiwa na mafua usiende. Siku ukiwa na msiba wako mwenyewe, usiende vilevile. Kaa nyumbani, nasi tutakuja kukuzuru.